Jipe ya Mita Ishirini na Mbili

Watu wakiniuliza nguo kubwa kuliko zote nilizowahi kushona, wanangoja niseme kanzu ya askofu au gauni la bibi arusi fulani. Nawaambia: jipe moja, yaani sketi, kiunoni mita ishirini na mbili. Wanacheka. Wakiona mimi sicheki wanauliza mwenye jipe hiyo yuko wapi. Yuko kando ya ziwa, chini ya bati, injini walishaing'oa, na kuku wa mlinzi wanataga ndani yake.

Nyinyi mnaokuja kujifunza kwangu hapa Kamina, nyuma ya stesheni, mnaniona na miwani yangu na mashini yangu ya kukanyaga, mnafikiri nilizeekea hapa. Nilizeekea majini. Miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa jipe ya kivuko kati ya kisiwa cha Nyembo na bandari ya Kabala, kule chini upande wa Lualaba. Kwa karatasi kazi yangu iliitwa "matengenezo ya sketi". Kuna bwana mmoja wa ofisi alisoma hayo maneno kwenye orodha ya wafanyakazi, akaniuliza kwa upole kama wafanyakazi wote wa ziwani walikuwa wanavaa sketi.

Nieleze kwanza chombo chenyewe, maana wengi wenu hamkukiona. Kifaransa wanakiita aeroglisere. Sisi tulikiita Mupepo, kwa sababu kabla ya kukuvusha kilikupulizia vumbi, majani makavu, na kofia ya mtu mwingine. Ni chombo kinachokalia hewa. Feni kubwa inasukuma hewa chini yake, jipe ya kitambaa cha mpira inaizunguka hiyo hewa isitoroke, na chombo kinainuka kama mkate. Kikishainuka kinapita juu ya maji, juu ya matope, juu ya majani yaliyolala, bila kuomba njia.

Kabla yake watu wa Nyembo walikuwa na kivuko cha chuma kilichovutwa kwa waya, wao wanakiita baki. Jina lilikifaa, maana kila kiangazi maji yakishuka kilibaki pale kilipo. Kapiteni wake, Papa Monga, alikuwa anakaa juu yake katikati ya matope miezi mitatu, kofia kichwani, na kila asubuhi aliandika katika kitabu cha safari: "Leo hatukuondoka." Nilikiona kitabu hicho. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa mapadri.

Sasa, mimi na maji tulikutanaje? Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nimezaliwa nikisikia filimbi ya treni, na ziwa sikulijua. Lakini Mupepo ilikuja kwa treni, imelala juu ya behewa, imefunikwa turubai, na walipoisogeza hapa Kamina ndoano ya kreni ikaichana jipe upande mmoja. Mji wote ulikuja kuangalia. Mimi sikwenda, nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Ndipo mtu mmoja mrefu akaingia kwangu, ameshika kofia mkononi.

"Mama, njo weye unashonaka majipe?"

"Njo minyi. Ya nani?"

"Ya bwato."

Niliacha kukanyaga mashini. "Bwato inavaa jipe?"

"Mama, kuya tu. Utaona."

Huyo alikuwa Kasongo. Alikuwa dereva wa treni miaka mingi, lakini treni zilikuwa zimepungua, na mradi ulioleta Mupepo ulikuwa umemchukua aiendeshe. Nitamtaja sana, kwa hiyo mjue mapema: alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hakuyarudia. Kuhusu kazi yake mpya alisema mara moja tu. "Treni haina usukani, lakini iko na breki. Hii iko na usukani, lakini haina breki. Mungu ananipatiaka nusu nusu."

Nilishona pale pale stesheni, nimekaa juu ya gunia, watu wamenizunguka kama mazishi. Pamoja na mashine alikuja mzungu mmoja wa kuwafundisha watu, Bwana Anselme, mnene, mwenye subira. Aliangalia mshono wangu, akauvuta, akaitikia kwa kichwa. Jioni ile niliandikwa kazi. Baada ya wiki moja nilikuwa ziwani na sanduku langu.

Bwana Anselme alikaa nasi wiki sita, na alichonifundisha nawapa bure, ingawa hakuna hata mmoja wenu atakayekihitaji. Jipe ile haikuwa kitambaa kimoja. Ilikuwa na mkanda mnene juu, na chini yake vipande vimening'inia, kimoja kimoja, tuliviita vidole. Vilikuwa sitini na sita. Kila kidole kilifungwa peke yake. Kikichanika kimoja, jirani zake wawili wanavimba na kujaza nafasi, na chombo kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Mpira hauchomwi na sindano ya ngozi yenye makali, maana inakata. Unatumia ya mviringo. Na usishone karibu karibu kwa kujionyesha. Tundu nyingi zilizopangana ni njia ya kuchanikia. Gundi unaipaka mara mbili, unaiacha ikauke mpaka kidole chako kisinate, ndipo unabandika. Ukikosa subira hapo, utabandika tena kesho.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa jambo la vifungo. Bwana Anselme alileta mfuko wa vikamba vya plastiki, vyembamba, vya kufungia vidole kwenye mkanda. Nilivivuta, vikakatika mkononi. Nikamwambia Kasongo amwambie kwamba vikamba vyake ni vibovu. Kasongo akamwambia. Mzungu akaongea muda mrefu, akaonyesha kwa mikono, akafanya sauti ya kitu kinachokatika.

Kasongo akatafsiri: "Anasema kamba ikuwe zaifu kupita kitambaa. Kama kintu chini ya maji inavuta kidole, kamba ikatike, kidole kianguke, siye tuendelee. Kama kamba iko nguvu, kitambaa yote itachanika."

"Mwambie minyi sijashonaka kintu ili kianguke."

Kasongo alimwambia. Mzungu alicheka, akajibu maneno mawili.

"Anasema utaanza leo."

Nilianza. Na kwa mwaka mzima nilifanya alivyosema. Mupepo ilikwenda na kurudi, na kila safari mbili tatu kidole kimoja kilianguka, nami nilifunga kingine jioni.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo yake mengine. Kasongo alihitaji kujua uzito wa kila mtu, ili awapange chombo kisilalie upande. Wanawake wa soko walitaja kilo zao bila wasiwasi. Watu wakubwa ndio walitusumbua. Padri mmoja alikuwa na kilo tisini na kitu, akaungama sabini, na tukavuka mpaka Kabala tumeinama kama tunasikiliza mlango. Tangu siku hiyo Kasongo hakuuliza tena. Alikuwa anamwangalia abiria kiatuni, jinsi kinavyozama kwenye matope, halafu anamwonyesha kiti.

Basi, vikamba vya Bwana Anselme viliisha, na Bwana Anselme mwenyewe alikuwa amesharudi kwao. Alikuwa ameniachia neno: vikiisha, tumia uzi wa katani mwembamba, zungusha mara moja tu. Nilitumia. Katani ikilowa na kukauka inaoza, kwa hiyo vidole vikaanza kuanguka zaidi, vitatu, vinne kwa siku. Watu wa kisiwani waliviokota majini na kuniletea, kwa heshima zote, mbele ya watu.

"Mama Numbi, wafwako. Jipe yako inaanguka tena."

Mnanielewa? Mimi ni fundi wa nguo. Mama yangu alinifundisha kwamba jipe ikimwanguka mteja hadharani, hama mji. Na yangu ilianguka mara nne kwa siku mbele ya kisiwa kizima, na mwenye kuiokota ananishukuru kwa Kiluba. Wanawake pale kisimani walikuwa wananiuliza kama mume wangu alinioa kwa kushona au kwa kupika.

Nikaenda kwa wavuvi. Nikachukua nailoni ya kufumia nyavu, ile ambayo samaki mkubwa akiivuta anachoka yeye. Nikaikunja mara mbili. Mzee mmoja wa nyavu akanionyesha fundo lao, fundo ambalo ukilivuta linajikaza, na ukililoweka linajikaza zaidi. Nilifungua vidole vyote sitini na sita, nikavifunga upya. Ilinichukua siku tatu na ngozi ya vidole vyangu viwili.

Wiki tatu hakuna kilichoanguka. Hata kimoja. Wanawake wa kisimani walihamia kwenye habari nyingine. Shefu wa mradi alikuja kutembelea, akaona jipe imekaa sawasawa, akasema mbele ya watu, "Mama huyu njo fundi." Kasongo aliyazunguka yale mafundo, akagusa moja na kidole gumba.

"Ile mwalimu alisema zaifu," akaniambia.

"Ile mwalimu haikukuwa fundi ya nguo."

Hakurudia. Nimeshawaambia, hakurudiaga.

Ukafika mwezi wa mtihani wa Serikali. Kisiwa cha Nyembo kilikuwa na sekondari, lakini kituo cha mtihani kilikuwa Kabala, ng'ambo. Mwaka ule walikuwa finaliste tisa, yaani wa darasa la mwisho, sita wavulana na wasichana watatu. Tulikuwa tuwavushe siku moja kabla, lakini mchana ule ziwa lilichafuka, mawimbi yalikuwa juu kuliko jipe, na Kasongo alikataa. Kwa hiyo tuliondoka asubuhi yenyewe, saa kumi na mbili, kukiwa kumetulia kabisa. Mtihani ulikuwa unaanza saa mbili. Safari ni dakika arobaini. Tulikuwa na muda wa kunywa chai.

Nilipanda nao kwa sababu nilikuwa nahitaji gundi ya Kabala. Alikuwepo pia mwalimu wao, Mwalimu Banza, ambaye alikuwa anawasomesha hesabu na fizikia. Wanafunzi walikuwa wamevaa nyeupe na bluu, wamepiga pasi mpaka kwenye soksi. Msichana mmoja, Kabange, alikaa mbele yangu, ameshika kalamu nne zilizofungwa kwa mpira, na alikuwa anamweleza mwenzake jambo kwa kuchora hewani.

Katikati ya ziwa lile kuna mfereji unaopita kwenye mafunjo. Maji yalikuwa yameshuka sana. Hapo ndipo nilisikia sauti, si kubwa, kama mtu anachana shuka. Halafu sauti ikaendelea. Shuka ile ilikuwa ndefu. Mupepo ikageuka kidogo yenyewe, ikapumua, ikakaa juu ya maji kama kuku. Kasongo akazima injini.

Kimya cha mafunjo nyinyi hamkijui. Unasikia mpaka samaki.

Kasongo akavua viatu, akaviweka sawa, akashuka. Maji yalimfika kifuani. Akazunguka upande wa kushoto, akapapasa, akapotea kidogo, akarudi ameshika kidole kimoja cha jipe kwa ncha ya fundo. Kidole kilikuwa kimechanika, na kimekuja na kipande cha mkanda wa juu, kikubwa kama mlango wa kabati. Fundo lilikuwa zima.

Akaliangalia fundo. Akaniangalia.

"Mama Numbi," alisema. "Fundo yako haikufunguka."

Nililipokea lile fundo, nikalivuta; likajikaza zaidi.

Kulikuwa na kisiki chini ya maji. Kilishika kidole kimoja tu. Kwa vikamba vya Bwana Anselme, kidole hicho kingeanguka, nasi tungekuwa tunashuka Kabala. Lakini fundo langu lilikataa kuachia, likamvuta jirani, jirani akamvuta jirani, na vidole tisa viling'oka na mita tatu za mkanda wenyewe. Hewa yote ilikuwa inatokea hapo.

Mwalimu Banza akaangalia saa. "Saa kumi na mbili na nusu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Msichana mmoja alianza kulia. Kabange akamwambia, "Usilie, utalowesha karatasi ya kuitwa mtihani." Huyo aliacha.

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikafunga kitenge changu juu ya magoti, nikashuka. Sijui kuogelea mpaka leo. Niliukumbatia ukingo wa chombo kwa kwapa la kushoto, mikono ikabaki huru, na sikuuachia saa nzima. Mkasi na sindano huwa ninatembea navyo, na ndani kulikuwa na turubai ya kufunikia mizigo. Nilikata turubai vipande vikubwa, nikavipanga pale palipo wazi, juu nikaviingiza chini ya mkanda uliobaki. Sasa vya kufungia. Nailoni nilikuwa nayo mfukoni, rola nzima. Niliigusa, nikairudisha.

"Batoto," niliwaita, "nichunieni mafunjo. Ganda ya inje, nyembamba, kama utepe."

Tisa wote walilala kifudifudi kwenye ukingo, na mashati yao meupe, wakavuta mafunjo, wakayachuna kwa meno na kwa rula. Utepe wa mafunjo ukiuvuta unakatika. Ulikuwa hasa kile alichokuwa anasema yule mzungu. Kasongo alishikilia turubai chini ya maji, mimi nilitoboa na kufunga, fundo moja moja, jepesi, la aibu. Mwalimu Banza alikuwa anatangaza saa kila dakika kumi, mpaka Kasongo akamwomba kwa heshima aiweke saa yake mfukoni.

Saa moja na nusu na kitu Kasongo aliwasha injini. Upande wa kulia uliinuka. Upande wa kushoto ulifikiri. Tukawahamisha wote tisa upande wa kulia, wengine juu ya mapaja ya wengine, na Mwalimu Banza juu yao, na Mupepo ikainuka nusu, ikaanza kwenda kwa ubavu, kama kaa. Vipande vya turubai vilianguka kimoja kimoja njiani. Tulikuwa tunavisikia. Kila kimoja kilipoanguka Kasongo aliongeza moto kidogo.

Tulifika mlangoni pa kituo saa mbili na nusu, tumekimbia kutoka bandarini. Inspekteri alikuwa amesimama nje, mlango umefungwa nyuma yake. Alikuwa mtu mwembamba na kalamu tatu mfukoni. Aliwaangalia wanafunzi, matope mpaka shingoni, majani kwenye meno. Halafu akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa mzee kuliko wote.

"Mama, saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, tata."

"Minyi najua saa. Nauliza kama weye unajua." Akafungua daftari. "Karatasi inasema vile: kama ni ajali ya njia, naandika ajali, banaingia. Kama ni muntu aliharibisha kazi yake, habaingie, barudie mwaka kesho. Haya. Ni nini?"

Nilifungua mdomo. Kasongo alisema kabla yangu, "Kisiki."

"Nani anachungaka ile mashine?"

"Minyi," nikasema.

"Basi andika, weka sahihi."

Akanipa moja ya kalamu zake tatu. Nyuma yangu nilisikia watoto tisa hawapumui. Niliandika: Chombo kiligonga kisiki katika mfereji. Nikaweka sahihi. Ulikuwa ukweli, kama mkono mmoja wa shati ulivyo shati. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wakikimbia, na Kabange alisahau kalamu moja, akarudi kuiokota, akaniambia asante.

Siku zilizofuata walilala Kabala, kwa hiyo mitihani mingine waliwahi. Nilifikiri mambo yameisha.

Lakini karatasi ina miguu. Ile niliyoandika ilifika kwa shefu wa mradi. Shefu aliisoma kama mtu yeyote angeisoma: chombo kimegonga kisiki, chombo kina dereva, basi dereva alikuwa anaangalia wapi? Kasongo alipewa barua ya kusimamishwa, akapanda treni kurudi Kamina. Hakuniaga. Niliposikia, nikapanda treni iliyofuata, ambayo ilikuja baada ya siku nne.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, kwenye nyumba zile za reli, amepindua kinga yake, baiskeli, anatengeneza mnyororo.

"Nitaenda kusema kwa shefu," nikamwambia.

"Kusema nini?"

"Fundo."

Alizungusha gurudumu, akasikiliza. "Ukisema leo, ile karatasi yako ya mulangoni inakuwa bongo, uongo mutupu. Batafukuza batoto ku mutihani. Ngoya matokeo itoke."

"Na weye?"

"Minyi niko na kinga ya kutengeneza."

Mke wake alitoka na chai. Hakujua chochote, Kasongo hakuwa amemwambia. Alikaa kando yangu, akakitukana kile kisiki nusu saa, na waliokipanda, na maji yaliyokificha, akasema mume wake katika miaka yote ya treni hakuwahi kugonga hata mbuzi, na sasa majirani wanamwangalia kama mlevi. "Weye ulikuwako, Mama Numbi. Ulikiona?"

"Sikukiona," nikasema. Nilikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi.

Tulingoja wiki sita. Nyinyi mnajua kungoja matokeo, lakini mnangoja ya kwenu. Mimi nilikuwa nangoja ya watu tisa na ya mmoja ambaye hakuandika mtihani. Sikushona kwa nailoni tena, nilirudi kwenye katani, vidole vikaanguka, watu wakaniletea, nikawaambia asante. Dereva wa muda aliyeletwa alikuwa anagonga kila kitu, na jipe haikuchanika hata siku moja.

Matokeo yalipotoka, kisiwa kilipiga ngoma mpaka asubuhi. Wanane walikuwa wamepita. Kabange hakupita.

Kesho yake nilikwenda kwa shefu wa mradi, nikaweka kile kidole juu ya meza yake, na kipande cha mkanda, na fundo. Nilieleza yote tangu mwanzo, na wanawake wa kisimani nikawataja, maana bila wao haieleweki. Alilichukua lile fundo akajaribu kulifungua kwa kucha. Akajaribu kwa ncha ya kalamu. Alijaribu muda mrefu kidogo.

"Nani alifunga hii?"

"Minyi, shefu."

"Iko nguvu."

"Njo kosa yenyewe."

Kasongo alirudishwa kazini baada ya siku kumi. Mimi nilipewa barua, na mwezi mmoja wa kukaa bila kazi, ambao niliutumia kushona sare za shule hapa Kamina. Kabla sijapanda treni nilimtafuta inspekteri pia, nikamwambia ukweli wangu wa mlangoni ulikuwa nusu. Alinisikiliza amesimama.

"Kisiki kilikuwako?" akauliza.

"Kilikuwako, tata."

"Basi. Minyi niliandika kisiki." Akaenda zake.

Alibaki Kabange. Kwake nilikwenda mwisho kwa sababu kwake niliogopa. Mwalimu Banza alikuwa amenieleza: siku ile ya kwanza ilikuwa ya hesabu na fizikia, walikosa nusu saa, na yeye Kabange mikono ilikuwa imekatwa na mafunjo mpaka kalamu ilikuwa inateleza. Wengine waliokota alama kwenye Kifaransa na mambo mengine. Yeye alikuwa ameitegemea siku hiyo hiyo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yao anatwanga majani ya sombe. Nilimwambia yote, fundo, nailoni, na maneno ya Kasongo ambayo sikuyasikiliza. Nilimwambia mwaka wake uliopotea ni mimi niliyeupoteza. Hakuacha kutwanga.

"Mama Numbi," alisema, "hata mungetufikisha saa kumi na moja, ile fizike haikukuwa ya minyi. Sikujua kitu. Usijichoshe."

"Kweli?"

"Kweli. Minyi fizike ni mujinga."

Nilimwangalia usoni. Alikuwa anaiangalia sombe. Mama yake akaleta maji ya kunawa, akaleta bukari, ugali wetu, na hakuna aliyezungumza tena juu ya mtihani. Nilikula. Usiku ule nilichagua kumwamini yeye kuliko Mwalimu Banza, nikalala vizuri, mara ya kwanza tangu siku ya kisiki, na nilimshukuru Mungu kwamba mtoto yule hakujua fizikia.

Mwaka uliofuata tulivusha finaliste siku nne kabla, Kasongo akiendesha, na Kabange akiwa kati yao. Matokeo yalipotoka, Mwalimu Banza alikuja bandarini na karatasi, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Fizikia, Kabange alikuwa amewapita wote, wa mwaka ule na wa mwaka uliotangulia. "Njo vile alikuwaka tangu darasa la tatu," akasema. "Hakuna mutu alimupitaka."

Niliomba karatasi niisome mwenyewe. Niliisoma mara mbili, kisha nikafuta miwani yangu, ambayo haikuwa chafu.

Mnajua desturi yetu, aliyepita anamwagiwa poda. Nilikwenda dukani nikachukua kopo kubwa kuliko yote. Nilimkuta katikati ya watu wanaimba, nikapita mpaka mbele, sikusema hongera. Nilimgeuzia kopo zima kichwani, mpaka akakohoa.